Sauti ya Katikati ya Spika Mbili

Jumapili 15 Septemba

Katarina mwanangu karudi Dar leo. Kaniachia daftari. "Mama, jioni usikae unaangalia ukuta. Andika." Mimi nimeishia la nne. Nitaandika hivyo hivyo.

Jumatatu 16 Septemba

Chumvi. Jua. Mgongo.

Jumatano 18 Septemba

Sebastiani kapiga simu kutoka Milola. Huyu ni mtoto wa dada yake Fidelis, marehemu mume wangu. Anakumbusha spika. Misa ya mwaka ya Fidelis ni Desemba, na siku hiyo wazee watagawa vitu. Kwetu vitu vya mwanaume vinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Panga, baiskeli, redio kubwa na spika zake mbili.

Nimemwambia baiskeli haina mnyororo. Spika njoo hata kesho, zinanijazia nyumba. Zinanifika kiunoni. Moja naweka ndoo ya maji, nyingine sufuria. Fidelis alikuwa mlinzi wa wazungu wa mradi wa maji, zamani, hajanioa. Walipoondoka wakamwachia. Redio yake ilikufa Katarina yuko la tatu, tangu hapo ni meza.

Sebastiani anakodisha muziki kwenye ngoma na harusi. Anataka kuzing'oa matumbo, aweke mapya ya Dar.

"Shida yangu ni mbao, mama. Mbao hizi sa hizi hazipo."

Sawa. Mbao chukua.

Alhamisi 19 Septemba

Kazini nimemwambia Kazija. Tunakwangua jaruba moja la chumvi, yeye na mimi, miaka mingi. Kaegemea reki yake.

"Shoga, unampa redio mbovu?"

"Imekufa yenyewe."

"Haya, kawaambie wakwe zako imekufa yenyewe. Watasema mjane kaiua. Mwite Ramadhani aitengeneze, uwakabidhi kitu kizima, mdomo wasiupate."

Kazija ana mdomo lakini ana akili.

Jumamosi 28 Septemba

Fundi Ramadhani kaja na kiboksi chake. Kafungua redio, kapuliza vumbi, katoa mende wakavu, kabadilisha vidude viwili. Spika kazifungua mbele, kazibonyeza kwa kidole taratibu.

"Mpira wa zamani huu, bado mzima. Wa siku hizi ungeshakuwa unga."

Mimi nilikuwa jikoni na dagaa. Nikasikia redio inasema bei ya korosho. Nikasema imepona, basi. Nikamchotea fundi maji, nikaingia. Nilipofika katikati ya chumba nikasimama.

Yule mtu wa korosho hakuwa kwenye spika. Si ya kulia, si ya kushoto. Alikuwa katikati, pale penye kalenda ya parokia. Urefu wa mtu. Nikasogea kushoto, akahamia kushoto. Nikarudi, akarudi.

Nikaenda nikafunua kalenda. Ukuta.

Ramadhani ananitazama. "Mama Katarina, unatafuta nini?"

"Mtu."

Kacheka mpaka kamwaga maji. Kasema ndo zilivyo, zinalia mbili, sikio linatengeneza ya tatu. Nikamuuliza sikio linatengenezaje. Kasema hilo hajui, yeye fundi.

Dagaa wakaungua.

Jumapili 29 Septemba

Nimetoka kanisani nikawasha tena. Nilidhani jana ilikuwa jua. Yupo.

Jumanne 1 Oktoba

Spika zina tundu chini, la kuingia ngumi. Nilikuwa naweka kiberiti humo. Leo ngoma imelia nikaweka mkono pale. Linapumua. Upepo kabisa. Nikachana kipande cha gazeti nikakishika mbele ya tundu, kikacheza. Nikaweka unyoya wa kuku. Ukaruka.

Kilo za chumvi leo sikumbuki.

Ijumaa 4 Oktoba

Ramadhani kanifungia waya wa kuchomeka simu. Kanitilia na nyimbo za zamani za dansi kwenye kadi. Kuna moja Fidelis aliipenda, naijua yote, nimepikia kwayo mboga miaka. Leo nimekaa kwenye kiti nikaisikiliza.

Siijui. Kumbe magitaa ni mawili. Moja linauliza, la upande wa mlango. Moja linajibu, la upande wa kitanda. Mimi jikoni nilikuwa nasikia la mlangoni tu, nikafikiri mpigaji anarudia maneno.

Jumapili 6 Oktoba

Kazija kaja, mume wake hajui. Anataka taarabu. Nimemkalisha kwenye kiti. Nimemwambia usiongee. Kazija kunyamaza ni kazi ngumu kuliko chumvi.

Katikati ya fidla mtu mmoja kakohoa, humo humo ndani ya wimbo.

"Pole," Kazija kamjibu.

Tumecheka. Halafu kafumba macho. "Kuna mwingine kakaa kwenye kiti kibovu. Kinalia akijigeuza. Huyu mnene." Tukarudisha. Kweli. Kila fidla ikipanda, kiti kinalia.

Akiondoka kasema, "Nyimbo hii imepigwa kwenye harusi yangu. Huyo mnene sikumsikia."

Alhamisi 10 Oktoba

Fidelis alikuwa anakaa kwenye kiti kile kile, pale pale, macho kafumba. Mimi nikisema huyu mvivu. Sauti anaweka ndogo. Nilikuwa namwambia kama huipandishi izime. Leo nimejaribu kupandisha. Ikawa kelele, watu wote wa ndani wakarundikana. Nimeshusha. Kila mtu karudi mahali pake.

Mvivu alikuwa. Lakini kwenye hili alikuwa anafanya kazi.

Jumamosi 12 Oktoba

Nikikaa, sauti inapita magotini. Nataka iwe usoni. Ramadhani kasema ziinue kidogo, juu ya kitu kizito, kisichotikisika. Meza sina. Matofali yaliyopo ni ya watu.

Chumvi ninayo. Tajiri wetu analipa nusu pesa, nusu chumvi. Nimepanga mifuko ya sandarusi minne, miwili kila upande, nimeipigapiga ikakaa. Spika juu.

Mwimbaji sasa ana uso. Ananitazama.

Jumatatu 14 Oktoba

Upepo umegeuka. Chumvi nyingi. Nimechoka.

Jumatano 16 Oktoba

Nimesogeza spika mbali na ukuta, urefu wa kiganja. Besi imepungua uvimbe. Nimesogeza kiganja kingine. Chumba kimekuwa kirefu. Nasema kweli, wapiga ngoma wamekwenda nyuma ya ukuta, nje, kwenye mpapai.

Nikatoka kuangalia mpapai. Nilijua hakuna kitu. Nimeenda tu.

Jumapili 20 Oktoba

Sebastiani kapita akitokea Lindi mjini. Kijana mnene, miwani kichwani. "Shikamoo mama. Mzima kabisa wewe! Mjane gani anakaa na dansi?" Utani wake ndo huo. Kagonga mbao kama anayenunua nazi. Kapandisha sauti mpaka mwisho.

"Hazina besi hizi. Mjomba alikuwa anadanganywa."

"Shusha. Kaa hapa."

"Sina muda mama, gari linanisubiri."

Kapima mbao kwa futi kaandika kwenye simu. Kasema atatoboa hapa, atakata hapa.

Kanyoosha kidole mahali pa kukata. Mwezi uliopita nilikuwa nasema chukua hata kesho. Leo sitaki. Nimeandika ili nijue: sitaki.

Ijumaa 25 Oktoba

Nimemuuliza Kazija, kwao Waislamu ikoje. Kasema kwao mjane ana fungu lake, limeandikwa. Kwetu mimi fungu langu ni vyombo vya jikoni, kitanda na nyumba kwa kuwa nilijenga naye.

"Basi sema spika ni jikoni. Si ulikuwa unawekea sufuria?"

"Mzee wao Modesti alikuwepo siku spika zinaletwa."

"Huyo hajafa tu?"

Jumanne 29 Oktoba

Mawingu upande wa bara. Msimamizi Tawakali anatembea anatazama juu kama aliyepoteza kuku. Anataka chumvi yote itoke kabla ya mvua.

Jumamosi 2 Novemba

Kazi mpaka magharibi. Wimbo mmoja tu nikalala kwenye kiti.

Jumanne 5 Novemba

Hewa nzito. Ngozi inanata. Sauti leo nayo nzito, sijui ni masikio.

Jumamosi 9 Novemba

Nitaandika yote.

Mvua imeshuka saa nane mchana, haikupiga hodi. Tulikuwa na malundo hayajafunikwa. Tawakali anapiga kelele, "Makuti! Turubai! Makuti!" Tumekimbia na makuti kichwani, wanawake kwa wanaume, mtu anaanguka anainuka. Upande wa mashariki lundo zima limekwenda, unaliona linapungua kama mtu anayekonda. Kazija kakaa juu ya turubai lisipeperuke, kakaa tu, mvua inampiga. "Nitakufa hapa!" anasema. "Chumvi ya tajiri inaniua!" Hakutoka.

Ilipokatika Tawakali kasema majaruba yamekwisha mwaka huu. Tuje wiki ijayo kufunga mifuko, basi.

Tulikuwa tunarudi, kanga zimeganda mwilini, Kazija anasema kwake kaweka chumvi yake juu ya dari maana hewa kama hii chumvi inatoa jasho, inalia yenyewe hata haijaguswa na tone. Kila mtu wa chumvi anajua. Mimi najua. Nimeanza chumvi Kazija hajaolewa.

Nikasimama njiani.

"Nini?"

"Spika."

"Spika zina nini?"

"Nimeziweka juu ya chumvi."

Kazija kanitazama. Kaanza kucheka, akaona uso wangu, kaacha. Halafu kashindwa kacheka tena. "Wewe! Wewe wa chumvi!" Tukakimbia, yeye anacheka anakimbia.

Makuti yangu hayavuji. Ndani tone hakuna. Lakini mifuko imelowa yote, imetoa maji mpaka sakafuni, na sakafu ya udongo imekuwa tope. Spika ya mlangoni imekaa kwenye maji ya chumvi sijui tangu lini, pengine siku nne, tangu hewa ilipoanza kunata. Mbao ya chini imevimba kama mkate wa kumimina. Pembe imeachia. Nimeinua, ubao wa chini ukabaki kwenye mfuko.

Ya kitandani nzima, imelowa kidogo.

Tumezitoa tukazilaza kwenye mkeka. Kazija kaleta kanga kavu zake, tumefuta. Kasema itapona. Nimesema mbao haiponi. Kasema, "Basi si bora? Sebastiani anataka mbao. Mbao imeharibika, aache."

Nimefikiri hilo. Kweli nimelifikiri. Lakini atasema mjane kaharibu makusudi, na mimi mwenyewe nitabaki na spika moja. Spika moja haina mtu.

Jumapili 10 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimezianika kivulini. Jua kali litapasua.

Alhamisi 14 Novemba

Leonadi seremala kakata ubao mpya wa mninga, kaugundisha, kaukaza na misumari ya kuzungusha. Kaniuliza mama hii ndo meza gani. Nimesema ya kuimba.

Jumamosi 16 Novemba

Ramadhani kafunga waya. Zinalia zote mbili. Nimekaa kwenye kiti.

Hayupo.

Sauti iko kila mahali na haipo popote. Mwimbaji kachanwa, nusu sikio hili nusu sikio lile, katikati shimo. Besi imekwenda. Nimesogeza kiti, nimesogeza spika, nimefunua kalenda tena, mjinga mimi.

"Mama, zinalia," Ramadhani anasema.

"Kaa wewe."

Kakaa. Kakunja uso. Kaenda nyuma ya ile ya mlangoni, kafuata waya kwa kidole. "Aa. Nimegeuza waya. Nyekundu nimeweka kwenye nyeusi. Moja inasukuma, mwenzake anavuta."

Kageuza. Mwimbaji kaingia, kasimama pale pale, kama aliyechelewa hataki kuulizwa.

Sote wawili tumesema "Huyo!" kwa pamoja.

Chini sasa nimeweka matofali. Nimeyanunua.

Jumapili 24 Novemba

Mvua. Makuti yanaipokea taratibu. Wimbo unaendelea.

Jumatatu 2 Desemba

Misa ni wiki hii. Ndugu wa Fidelis wameshaanza kupiga simu habari za mchele.

Jumamosi 7 Desemba

Misa imeisha vizuri. Wali umetosha. Baada ya wali wazee wakakaa kwenye mkeka. Mzee Modesti, mjomba wake Fidelis, ndiye anasema. Meno hana, sauti anayo.

"Panga kwa Sebastiani. Baiskeli kwa Sebastiani."

"Haina mnyororo," Sebastiani kasema.

"Mnyororo ulikuwa wa marehemu? Nyamaza. Redio na spika zake kwa Sebastiani. Bertha, una neno?"

Nilikuwa na maneno mengi tangu Oktoba. Yametoka machache.

"Ni zake. Sikatai. Naomba asizikate."

"Mtu akipewa mbuzi anaambiwa asichinje?"

Watu wamecheka. Mimi pia ningecheka, siku nyingine.

Gari la Sebastiani lilikwama kwa mvua, likachelewa. Watu wakaondoka. Kabaki anachezea simu. Nimemwambia basi kaa pale, wimbo mmoja, gari likija utaondoka. Kakaa kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Nimeweka ule wa mjomba wake, sauti ndogo.

Mwanzo alikuwa anatazama simu. Halafu simu ikashuka. Kageuza kichwa huku, huko. Kanyanyua macho kwenye kalenda. Wimbo ulipokwisha kasema, "Mm." Nje honi ikapigwa.

Kazipakia. Kazifunika turubai vizuri, hilo nimeliona.

Jumapili 8 Desemba

Matofali yamebaki.

Jumanne 10 Desemba

Sina la kuandika.

Alhamisi 12 Desemba

Kazija kasema tununue redio ndogo ya Kichina. Nimemwambia ukinunua nitaitupa kwenye jaruba.

Jumamosi 14 Desemba

Sebastiani kapiga.

"Mama shikamoo. Nikuulize kitu. Usicheke."

"Marahaba. Uliza."

"Yule mtu haji."

Sikucheka. Nimemuuliza kakata? Hajakata. Kasema alitaka asikilize mara moja kwanza, halafu akate. Kazisogeza, kageuza, kaweka juu ya makreti ya soda. Zinapiga kelele tu. Nimemuuliza nyekundu iko kwenye nyekundu? Iko. Anasema, "Njoo uone mwenyewe. Nauli nakutumia."

Nikamwambia nitakuja, nataka kujua mwenyewe kwa nini.

Jumanne 17 Desemba

Milola. Nyumba ya Sebastiani nzuri, bloku, bati jipya la bluu, sakafu ya saruji inang'aa. Mke wake Anjelina kanipa chai na mihogo. Chumba cha mbele kimejaa madude yake meusi ya ngomani, na zile spika za Fidelis katikati kama wazee wawili kwenye disko.

Nimekaa. Kawasha.

Sauti inatoka inagonga ukuta inarudi inakutana na inayotoka. Kama watu wawili wanagombana kila mmoja anarudia la mwenzake. Nilipiga kofi. Pa. Chumba kikajibu, pa pa. Nyumbani kwangu ukipiga kofi linakufa papo hapo, udongo unalimeza.

Nimesogeza kiti, nimetundika blanketi la Anjelina ukutani. Kidogo. Mwimbaji kaja akachungulia, kaondoka.

Halafu mvua. Juu ya bati. Kama mtu kamwaga lori la kokoto. Taa ya redio inawaka, spika zinatetemeka, nimeweka mkono kwenye tundu linapumua, wimbo unapigwa, na hakuna kitu. Sebastiani midomo inakwenda, simsikii. Tumekaa hivyo, tunaangalia spika zinaimba.

Ilipopungua kaniuliza, "Mjomba mvua ikinyesha alikuwa anasikiaje?"

"Makuti."

Katazama juu kwenye bati lake. Bati la pesa za korosho za misimu miwili. Anjelina kasema kutoka jikoni, "Usithubutu!"

Tumecheka sote. Yeye kacheka kidogo. Kasema taratibu, na kichwa chini, "Mama, ni zangu."

"Ni zako. Mzee Modesti kasema."

"Ila nikikata nitabaki na mbao tu. Na nisipokata hapa hazisemi." Kajikuna shingo. "Zikae kwako. Ni zangu, zikae kwako. Nikipita nakuta chai."

Nilitaka kusema asante. Nimesema, "Chai sukari ulete."

Jumamosi 21 Desemba

Kazileta kwenye gari la korosho, zimekaa juu ya magunia. Tumeziweka. Kiganja, kiganja kingine. Kageuza waya mwenyewe, mara mbili, anataka kusikia mtu anavyoondoka na anavyorudi. Kauliza kwa nini. Nimesema Ramadhani hajui na mimi sijui, tutauliza mwingine.

Tatizo lingine limetokea. Pa kukaa ni mahali pamoja tu. Ukisogea hatua moja mtu anakufuata upande. Viti viwili haviingii. Tumejaribu kukaa mmoja mbele mmoja nyuma, wa mbele anaziba. Mimi nyumba yangu, yeye spika zake. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Tumekubaliana wimbo mmoja yeye, wimbo mmoja mimi.

Kachagua mrefu.